Daftari la Muhasaba

Ilikuwa Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, msimu wa korosho. Mama alikuwa uani akikunja karatasi za kufungia korosho za kukaanga, na mtani wake, jirani yetu wa Kiyao, akizijaza. Nilitoka kuoga nikaona karatasi zile zina mwandiko wangu.

Nilikuwa kidato cha tatu, nakaa bweni Mtwara mjini, nimekuja nyumbani siku mbili. Ustadhi wa shuleni alitufundisha muhasaba: kila siku ujiulize umemkosea nani. Wenzangu walijiuliza kimoyomoyo. Mimi kusema ya moyoni siwezi, niliandika. Mama hajui kusoma; kwake daftari lililojaa limekwisha kazi.

Mtani akainua karatasi moja. "We Mmakonde, hizi umeiba kwa karani? Mwandiko kama wa kadi ya harusi!"

"Soma basi, si wewe ndiye uliyefika la saba kwa kubebwa mgongoni," mama alimjibu.

Akasoma kwa madaha, akimwigiza mwalimu: "Leo mama alikuja kunitembelea. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho. Wenzangu walipouliza ni nani, nikasema jirani yetu..." Sauti ikamfia. "Ah, mambo ya watoto haya."

"Malizia," mama alisema.

"Sioni vizuri, mtani."

"Malizia."

Akamalizia. Niliandika kwamba nimejuta, na kwamba kujijua ni nusu ya kutubu. Msemo huo niliubuni mwenyewe, nikaupenda, nikaupigia mstari.

Mama aliichukua karatasi ile, akaikunja, akaijaza korosho, akaiweka kwenye sinia pamoja na nyingine.

Miezi minne nilijihoji, nikajiona bora kuliko wasichana wasiojihoji. Kwa mama sikutamka neno. Yeye sijawahi kumsikia akijiuliza ni mtu wa namna gani. Siku ile aliyonitembelea alipanda gari alfajiri kuniletea mihogo ya kuchemsha. Nisingejua kuandika, huenda ningelazimika kumwambia.

Kesho yake asubuhi nilimfuata shambani. Alikuwa ameinama, anaokota.

"Mama, nisamehe."

"Rudi nyumbani ukaandike," alisema bila kugeuka.

Sikurudi. Nilianza kuokota chini ya mkorosho wa pili kutoka kwake, nikinyofoa korosho kwenye mabibo, na kila alipohamia mti mwingine, nami nikahama.