Hema, Banda na Kikapu cha Ndizi

Jirani yangu hapa Noonkopir ameanika turubai uani, na harufu yake ya joto imenirudisha Amboseli, jioni moja ya likizo.

Baba alikuwa ameazima hema kanisani. Mama alitaka tulale kwenye banda la mawe la wageni.

"Mimi silali kwa kitambaa na simba wako hapo."

"Basi lala huko," baba akamjibu. "Mimi na watoto tuko hapa."

Nililitaka hema, lakini zaidi nilitaka tulale pamoja.

Askari wa mbuga, Mmaasai mwenye sweta ya kijani, alichungulia kikapu chetu. "Simba si shida, mama. Shida ni hizi ndizi mbivu. Ndovu akizinusa, ataingia bila hodi. Peleka kwa banda, ama mmalize."

Baba akamenya ya kwanza. Tulikula mpaka taya zikachoka, huku mama akitucheka: "Mtalipuka nyinyi!" Maganda askari aliyabeba kwa gunia. Mwishowe mama aliketi nyasini, akachukua kipande kilichonishinda, akakitafuna polepole.

"Sogeeni," alisema. "Huyu baba yenu akikoroma, simba watahama wenyewe."

Tulibanana humo hemani sote, na kila nilipogeuka, niligusa mtu wangu.