Sahani Yenye Uzi Mwekundu

Kwenye grupu la vijana wa kanisa letu mimi naitwa Msile. Si jina la ukoo, si la ubatizo. Ni neno nililopiga kelele mbele ya watoto thelathini na wanane waliofumba macho wakiomba, mguu mmoja una kandambili, mwingine peku. Binamu yangu alikuja nyuma yangu na simu, akarekodi. Jioni hiyohiyo jina likabadilishwa kwenye grupu. Jumapili mchungaji mwenyewe akatangaza, "Wimbo unaofuata, dada Msile atatuongoza." Kanisa likaitikia amina, nami nikatafuta ardhi ipasuke, ikagoma.

Chekeni. Ila mkimaliza kucheka nisomeni mpaka mwisho, maana mimi mpaka leo nikiona karanga mwili unanisisimka.

Ilikuwa siku yetu ya huduma. Vijana ishirini na mmoja, shule ya msingi moja, kutwa nzima. Wengine kupaka rangi, wengine kushika madarasa ili walimu wakae ukumbini kwenye semina. Mimi na binamu tulipelekwa jikoni, kwa sababu mwaka uliotangulia nilipewa brashi nikapaka ukuta, dirisha, na kioo chake.

Mwenye jiko, shule nzima inamwita Mama Jikoni. Alikuja pale miaka kumi na tisa iliyopita, kufagia kwa wiki mbili tu. Mpishi wa wakati huo akaaga anakwenda msibani, hajarudi mpaka leo.

"Nadhani bado wanazika," alituambia, wala hakutabasamu. Alikuwa anageuza wali kwa mwiko unaomzidi kimo. Mkono wake wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto, kazi ya mwiko huo.

Tukamwamkia, akaitikia, kisha akamkazia macho binamu. "Na wewe, hizo kucha ni za kupikia au za kupandia ukuta?"

Nikampenda hapohapo.

Ukutani kulikuwa na rafu kutoka chini mpaka juu, zimejaa sahani. Mia mbili na sitini, hakuna mbili zinazofanana. Za bati zilizobonyea, za plastiki zilizoungua ukingo, moja imezibwa tundu kwa risasi ya kuchomelea. Kila mtoto huleta yake siku ya kwanza ya shule, nayo hukaa jikoni mpaka amalize darasa la mwisho.

"Hawa ndio watoto wangu," Mama Jikoni akasema. "Sura siwajui. Shule haina bwalo, wanakula darasani. Mimi napakua, sinia linapita dirishani, viranja wanabeba. Nikitoka na mwiko wangu barabarani wananipita tu, na mimi nawapita."

Tukacheka. Mimi nikamwonea huruma. Maskini mama wa watu, miaka yote hiyo anapakulia kwenye vyuma chakavu! Na nilikuwa na siri kifuani: kwenye gari letu kulikuwa na maboksi ya sahani mpya za rangi ya machungwa. Wazo langu. Nililitetea kwenye vikao vitatu mpaka wakachoka.

Saa tano na nusu wakaja kumwita ukumbini, wafanyakazi wote wapewe zawadi na maombi. Akagoma. Tukambembeleza: "Mama, leo pumzika, sisi tutapakua." Akavua aproni taratibu, akaigeukia sufuria ndogo kando ya ile kubwa.

"Sikilizeni. Mboga ya sufuria kubwa ina karanga. Hii ndogo ni ya sahani yenye uzi mwekundu. Iko sinia la watoto wadogo. Mmenisikia?"

"Tumekusikia, Mama!"

Nilikuwa namrekodi binamu akijipaka masizi puani. Nilisikia sauti. Maneno yalipita kama upepo wa dirishani.

Alipotoka tu, tukaingia kazini. Sahani zote za zamani kwenye magunia, magunia nyuma ya jiko. Mpya zikapangwa, zinang'aa kama meno ya tangazo la dawa ya mswaki. Tukapakua, masinia yakaenda. Sufuria ndogo nikadhani ni chakula chake mwenyewe, nikaifunika vizuri kwa heshima. Heshima! Hapo ndipo ninaposhtukaga usingizini.

Hakukaa ukumbini. Mtu wa jikoni huwezi kumkalisha mbele ya kipaza sauti saa ya chakula. Akatokea mlangoni, aproni mkononi.

"Sapraizi!" tukaruka wote wawili.

Aliangalia rafu tupu. Akaangalia dirisha tupu. Akaenda kwenye sufuria ndogo, akafunua, akakuta imejaa vilevile alivyoiacha. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiishiwa damu namna ile.

"Sahani zangu ziko wapi?"

"Tumekuletea mpya, Mama, zile za zamani..."

"Yule wa uzi amekula nini?"

Binamu akanitazama, nikatazama chini.

Akaongea haraka, kwa sauti ndogo. Mwaka jana kuna mtoto wa darasa la wadogo alikula karanga, uso ukavimba, koo likabana, mwalimu mkuu akamkimbiza hospitali kwa pikipiki. Yeye mwenyewe alisikia kelele tu akiwa jikoni, mtoto hakumwona. Baba wa mtoto ndiye aliyeleta sahani nyingine dirishani, akasema huyu asipewe karanga hata ya dawa. Mama Jikoni akachomoa uzi kwenye leso yake, akaufunga kwenye tundu la ukingo.

"Mtoto gani, Mama? Anaitwa nani?"

"Nimekwambia najua sahani!"

Akatoka kuelekea kwenye magunia. Mimi nikatimka.

Uwanja ule una urefu wa mateso. Nilipita kwenye rangi mbichi, nikaacha kandambili kwenye tope, nikasukuma mlango wa darasa la wadogo. Wote wamekaa mbele ya sahani zangu za machungwa, mikono imekutana, macho yamefumbwa. Mbele yao kiongozi wetu wa safari. Sisi humwita Kaka Koma, kwa sababu sala yake ina koma tu, nukta haijawahi kuonekana.

"...na walioilima karanga hii, Baba, na waliolishona gunia lake, na dereva wa..."

"MSILEEE!"

Kaka Koma akafumbua jicho moja. "Dada, bado sijasema amina."

"Usiseme! Endelea! Hapana, nyamaza! Kuna aliyekula?"

Hakuna. Wali ulikuwa umeshapoa kwa ajili yake. Miaka yote tumemlaumu yule kaka kwa kutulisha chakula baridi, jamani.

Mama Jikoni akaingia anahema, mkono wa kulia juu, ameshika sahani ya bati ya bluu yenye uzi mwekundu.

"Hii ya nani?"

Kwenye dawati la mwisho kikainuka kidole. Msichana mdogo, meno mawili ya mbele hana.

"Yangu. Nilikuwa naingoja. Hii ya leo haina uzi wangu."

Mama Jikoni akamwendea, akasogeza sahani ya machungwa mbali, akachutama, akamtazama usoni.

"Kumbe ndio wewe," akasema. Machozi yakamtoka bila aibu.

"Na wewe ni nani?" mtoto akauliza.

"Mimi? Mimi ndiye dirisha."

Mchana ule alimletea mboga ya sufuria ndogo kwa mkono wake, akakaa naye mpaka akamaliza. Mimi nilipewa magunia. Niliosha sahani mia mbili na sitini peke yangu, nikizirudisha rafuni huku yeye nyuma yangu akinifundisha: "Hiyo iliyobonyea ongeza, kwao usiku hawapiki. Hiyo ya ufa, viranja wameniambia mwenyewe ana vidonda mdomoni, mlainishie." Za machungwa? Sasa ni mifuniko ya mitungi ya maji. Na siku hizi, saa ya chakula, sinia la wadogo analipeleka mwenyewe.

Kaka Koma anadai ni Roho aliyemrefushia sala. Sibishi tena, na akisali natulia mpaka mwisho, ukiwepo.

Haya, zamu yenu. Nani mwingine alikwenda kusaidia watu akakaribia kuwaumiza? Andikeni hapo chini, na jina mlilopachikwa msilifiche. Binamu, wewe usiandike, video yako inatosha.