Hapa Hatuombi

Miaka ile malori ya mahindi yalikuwa yanapita Nyakahura mchana kutwa kuelekea makambini, na mimi nilikuwa nalala sokoni. Nasema wazi, sina aibu tena. Mume wangu alifariki, matanga yakaisha, na ndugu zake wakaona na mimi niishe. Nikarudi Ngara kwa kaka yangu. Wifi alinipokea kwa mikono miwili akanitoa kwa mdomo mmoja. Ndipo nikaishia barabarani, Nyakahura, ambako angalau kulikuwa na mabanda ya soko ya kujisitiri mvua.

Wakati ule, ukitaka kuonekana mtu, ilibidi uwe mkimbizi. Mkimbizi alikuwa na turubai, blanketi, kadi ya chakula na daktari. Nami nikajaribu. Kihangaza chetu cha Ngara na Kirundi cha wakimbizi ni ndugu wa tumbo moja, nikasema, nani atajua? Nikaenda kambini, nikapanga foleni na kopo langu. Karani mmoja, kijana wa huku huku kwetu, akanitazama usoni akasema, "Mama, toka kwenye mstari. Wewe ni mwenyeji."

"Mwenyeji gani asiye na jiko?" nikamwuliza.

Foleni nzima ikacheka. Mimi sikucheka, nikachukua kopo langu nikaondoka.

Kule sokoni, banda la wauza nyama lilikuwa na mwenyewe. Bibi mmoja wa Kisukuma, mjane kama mimi ila amenizidi miaka mingi, alilifanya chumba chake kila wauzaji wakishafunga. Mwanawe alikuwa amekuja na ng'ombe kutoka Shinyanga akitafuta malisho, akamwacha hapo barabarani akamwambia amsubiri. Alikuwa bado anasubiri. Nilipofika nikamwamkia kwa adabu zote, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea kule, umenikalia kanga."

Hivyo ndivyo tulivyojuana. Yeye Kisukuma chake, mimi Kihangaza changu, katikati tukawekeana Kiswahili cha sokoni. Nikisema "chakura" alinicheka mpaka anashika mbavu. Eti ulimi wangu umevunjika. Na yeye alikuwa anasimulia habari ya ng'ombe mmoja mweusi kuanzia asubuhi mpaka jioni, na ole wako usinzie. Nilimpenda. Sikumwambia, maana kwetu mtu humwambii hivyo, unamsogezea tu upande wenye joto.

Halafu likaja shirika moja la kanisa. Kazi yao kubwa ilikuwa kambini kama wengine wote, lakini mmoja wao alikuwa amegundua kwamba hata wenyeji wapo wanaolala nje. Huyo tulimwita mwalimu. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu vikubwa na sauti ndogo, na hakuwa na ubaya wowote. Akatuchukua sisi tuliokuwa sokoni, wengi wetu wanawake, akatupeleka kwenye kituo chao Bugarama.

Pale tulifundishwa kupanda maharage kwa mistari, kufuga mbuzi, kusuka mikeka ya kuuza. Tulifundishwa pia kujitegemea. Kila asubuhi kabla ya kazi mwalimu alisimama mbele yetu akauliza, "Hapa tunafanya nini?" Nasi tunajibu kama watoto wa darasa la kwanza, "Tunajitegemea!" Anauliza tena, "Na hatufanyi nini?" Tunajibu, "Hatuombi!" Bibi yangu alikuwa anajibu kwa nguvu kuliko wote, kisha ananigeukia ananong'ona, "Kidole kimoja hakivunji chawa. Huyu mwalimu hajawahi kupata chawa."

Tulilala chumba kimoja, yeye kitanda cha dirishani, mimi cha mlangoni. Tuligombana kila siku, juu ya dirisha, juu ya ndoo, juu ya nani kamaliza sabuni. Nikiambiwa nitaje wakati nilioishi vizuri miaka ile, nitautaja huo.

Tulipohitimu tukapewa nyumba. Kijiji kimoja cha Murukulazo kilikuwa kimetoa ardhi, na shirika likajenga nyumba ndogo za udongo zenye bati, kila mmoja na yake na shamba lake. Zilitawanywa, maana ardhi yenyewe ilitolewa vipande vipande. Yangu ilikuwa upande huu wa bonde, ya bibi upande ule. Siku ya kukabidhiwa mwalimu akatugawia jembe, sufuria, blanketi, mbegu za maharage na paketi ya viberiti. Akasema, kwa furaha kabisa, "Sasa mna kila kitu, hata kiberiti. Hakuna sababu tena ya mtu kuomba kitu kwa mtu. Misimu miwili tutawaangalia. Atakayesimama kwa miguu yake, nyumba ni yake. Atakayerudia kuomba, kamati itampa mwingine, maana sokoni bado wapo wengi."

Tulipiga makofi. Bibi alipiga vigelegele hadi akakaukiwa koo.

Sasa nieleze jambo ambalo mwalimu hakulijua, kwa kuwa alikulia mjini. Kwetu moto unaombwa. Asubuhi moto wako ukiwa umezimika, unachukua kigae cha chungu unakwenda kwa jirani. "Hodi." "Karibu." "Nimekuja kuomba moto." Unapewa kaa la moto, lakini hulichukui ukaondoka kama mwizi. Unakaa. Unaulizwa mmelalaje. Unasikia nani kajifungua, nani mgonjwa, mbuzi wa nani kaingia shamba la nani. Wapo wanaouzima wao kwa makusudi ili wapate safari. Moto ndio uliokuwa redio yetu.

Sisi tulipewa kiberiti na tukaambiwa tusiombe. Tukatii. Loo, tulitii jamani! Tuliogopa nyumba zile zisituponyoke. Mtu aliyelala chini ya meza ya nyama hachezi na mlango wenye komeo. Chumvi iliisha, nikala bila chumvi. Mpini wa jembe ulivunjika, nikalima nimeshika kipande. Niliweza kuona moshi wa bibi ukitoka chini ya bati upande wa pili, na yeye bila shaka aliuona wangu, na kila mmoja akajua mwenzake anajitegemea.

Upweke ni kitu kibaya. Watu wanadhani ni kimya, lakini si kimya, ni kusikia vitu visivyo na maana. Nilisikia bati likilia jua likipanda. Nilisikia maharage yakichemka. Nilianza kumsemesha mbuzi niliyemnunua kwa fedha za mikeka, kisha nikamkasirikia kwa kutonijibu. Kule sokoni nilitamani mlango. Sasa nina mlango na hakuna mtu wa kuugonga. Nilikuwa nafagia uwanja mpaka ukang'aa, uwanja ambao hakuna mguu wa mtu ulioukanyaga ila wangu.

Mvua kubwa zikaja. Viberiti vyangu vikaloa, nikala viazi vya jana na ndizi mbivu mpaka jua likatoka, nikavianika viberiti vikakubali kuwaka. Wala sikwenda kwa bibi. Baadaye upande wake ndio ukakosa moshi. Siku ya kwanza nikasema amechelewa kuamka. Siku iliyofuata nikasema na vyake vimeloa. Nilitamani kumpelekea, lakini nikafikiri, nikimpelekea moto, mtu akaniona, si nitakuwa nimemfanya ombaomba? Nyumba yake itakwenda kwa ajili yangu. Hebu fikiria akili hiyo. Nimezaliwa katika nchi ya kuombana moto, nikakaa nikiogopa kumpa mama mtu mzima kaa moja.

Mwishowe nikasema liwalo na liwe. Nikatia makaa kwenye kigae, nikayafunika majivu, nikashuka bonde nikapanda upande wa pili. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje kwa kamba ya katani. Nikaufungua. Ndani kumefagiliwa. Sufuria imefudikizwa, jembe limeegemezwa ukutani, blanketi limekunjwa vizuri juu ya kitanda. Hakuchukua kitu chochote cha shirika. Mama mmoja aliyekuwa akitoka kisimani akaniambia bibi alisimama barabarani na kanga zake tu, akapanda lori, akasema anakwenda Nyakahura.

Nilikaa mlangoni kwake nikalia. Makaa yakazimikia kwenye kigae.

Nikaenda kumwona mwalimu Bugarama. Nilikwenda na hasira zangu zote.

"Bibi ameondoka kwa sababu hakuwa na moto," nikamwambia.

"Si angeomba kwako?"

"Wewe ulisema tusiombe."

"Mama yangu! Nilisema msiombeombe barabarani. Moto si kuomba. Nani aliwaambia moto ni kuomba?"

"Sasa unasemaje ukiutaka? Si unasema naomba moto?"

Akavua miwani, akakaa kwenye benchi lililokuwa nje, akashika kichwa. Kusema kweli nilimhurumia, ingawa sikuwa nimekuja kuhurumia mtu. Mwishowe akasema kamati imeshasikia, na kwamba nyumba ile itapewa mtu mwingine baada ya mavuno. "Kamlete kabla ya hapo. Mwambie nimekosea maneno. Ila ngoja kwanza Jumapili ipite, wageni wanakuja kuona nyumba, nao wanataka kukuona wewe."

Jumapili wageni wakaja, Wazungu waliochomwa na jua, wakiwa na magari mawili. Waliusifu uwanja wangu. Walimsifu mbuzi. Mwalimu akanisimamisha mbele yao akasema kwa lugha yao kisha kwa yetu, "Mama huyu alikuwa analala sokoni. Leo anajitegemea. Haombi mtu." Wakapiga makofi. Mama mmoja mnene, mwenye uso mwema, akauliza kitu, na mwalimu akanitafsiria, "Anauliza, je, kuna kitu bado unakihitaji?"

Nikasema, "Naomba mtu."

Mwalimu akaniangalia. "Mtu wa nini, mama?"

"Wa kukaa. Naomba mtu."

Sijui aliwaambia nini. Pengine aliyalainisha maneno yangu. Nilichokiona ni kwamba yule mama mwema machozi yalimlengalenga, akanishika mkono, na wote wakainamisha vichwa, wakafumba macho, wakaniombea. Waliomba kwa muda mrefu na kwa moyo, huo ni ukweli. Nami nikafumba, nifanyeje? Nilipofumbua walikuwa wanapanda magari.

Siku ya soko nikaenda Nyakahura. Nilipanda lori la mahindi lililokuwa linarudi tupu, nikafika nimejaa vumbi hadi kwenye kope. Bibi nilimkuta pale pale, nyuma ya wauza nyama, amekonda, anafukuza inzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe wamekufukuza?"

"Hapana. Nimekuja kukuchukua." Nikamweleza yote, kwamba mwalimu alikosea, kwamba moto unaruhusiwa, chumvi inaruhusiwa, kutembeleana kunaruhusiwa. Nikamwambia nyumba bado ni yake mpaka mavuno. Nikamwambia akitaka tukae moja, nyingine tumwachie mbuzi, na kamati ikikataa tutajua la kufanya. Nilimbembeleza hasa. Mimi ambaye sijambembeleza hata mume.

Alinisikiliza hadi mwisho. Muuza nyama mmoja akampigia kelele, "Bibi, ondoa miguu, watu wapite!" Akaiondoa, akamjibu kwa Kisukuma neno ambalo sikuhitaji kutafsiriwa, yule jamaa akacheka akaendelea kukata nyama.

"Unaona?" akaniambia.

"Naona nini? Anakufukuza kama mbwa."

"Sikiliza, mwanangu. Hapa nikikohoa, mtu ananitukana. Ananiambia, we kizee, nyamaza tulale. Kule kwenye nyumba nzuri nilikohoa masika mazima. Sikutukanwa hata mara moja."

"Ningekutukana mimi!"

"Wewe ulikuwa ng'ambo ya bonde. Ulikuwa unajitegemea."

Hakusema kwa ubaya. Alinipigapiga goti, kisha akaniuliza habari za mbuzi. Nilikaa naye mpaka wauzaji wakaanza kufunga. Nilimwuliza tena, akatikisa kichwa. Nikafikiri kubaki. Nilifikiri kweli, hata nikaangalia mahali pangu pa zamani kama kuna mtu. Lakini maharage yalikuwa yanataka palizi, na mbuzi amefungwa, na mimi nyumba ile nilikuwa naitaka, ndivyo nilivyo. Nikaaga.

Nilifika Murukulazo jua likizama. Nilimpa mbuzi maji, nikawasha moto kwa kiberiti changu. Ng'ambo ya bonde hakukuwa na moshi. Nikasimama uwanjani nikakohoa, kwa nguvu, kama mtu anayeumwa sana. Nikasubiri. Nikakohoa tena.