Maneno Manne Yaliyofutwa

Jumapili iliyopita, baada ya sala, watu wa shirika letu, jumuiya ndogo ya kanisa hapa mtaa wa Ngezi, Bunia, walibaki uani wakijadili kama ubishi juu ya kutoa mimba utakuja kumalizika siku moja. Mimi, mtumishi wa serikali mstaafu, nilipewa kiti chenye mgongo. Jirani yangu, mwalimu wa zamani, alisema ubishi umekwisha: uhai ni uhai. Mkunga mstaafu, aliyewapokea kwa mikono yake watoto wengi wa mtaa huu, hakukawia kumjibu.

"Mwalimu, weye umeisha kubeba mimba ngapi?"

Watu walicheka, hata mwalimu mwenyewe. Kisha mwalimu akaninyooshea kidole, akitaja biro, yaani ofisi yangu ya zamani. "Muulize muzee wa biro. Yeye alikatalia yule mama karatasi, na mutoto akapona. Siye tunapaswa kumushukuru."

Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona mbele ya mkaguzi yeyote. Sifa ile si yangu, na sivumilii rekodi iliyopinda, hasa inaponipendelea.

Miaka ya mwisho ya kazi nilikuwa mkuu wa ofisi ndogo ya serikali ambayo sitalitaja jina lake. Siku moja alifika huyo mama, wakati huo msichana aliyekimbia vita huko Djugu. Wenye silaha walikuwa wamembaka njiani, akapata mimba, na hakutaka kuzaa. Mganga wa kituo cha afya hakumkatalia, ila aliogopa: sheria ya adhabu inakataza, ilhali mapatano ya nchi za Afrika, ambayo serikali yetu imeyachapa katika gazeti lake rasmi, yanamruhusu mtu aliyebakwa. Basi akamtuma kwangu alete karatasi yenye muhuri. Waraka unaoeleza mapatano hayo ulikuwa katika droo yangu. Nilikuwa nimeusoma mara mbili.

Nilimwomba cheti cha makazi, kilichotiwa saini na chifu wa kijiji chake.

"Papa, kule hakuna mutu," alisema. "Hata chifu alikimbia."

"Basi mtafute huko alikokimbilia."

Leo ninapoyaandika maneno hayo natamani kumkamata kola yule aliyeyasema. Kijiji kilikuwa kimechomwa. Chifu, kama alikuwa hai, alikuwa chini ya hema lolote kati ya Bunia na Mahagi. Lakini fomu ilikuwa na mstari wa cheti cha makazi, na mimi sikuwahi kupiga muhuri juu ya dosiye, yaani jalada la maombi, yenye upungufu. Wiki iliyofuata alirudi. Baada ya wiki nyingi akarudi tena. Mara ya tatu alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, na gauni lilikuwa limeanza kumbana tumboni. Nilimwambia cheti bado kinahitajika. Baada ya hapo mganga hakuweza tena kumsaidia. Miezi ilikuwa imepita, na mimba imekua mno.

Rejista ilidai sababu ya kufunga dosiye. Niliiandika kwa Kifaransa, na katika daftari langu mwenyewe nikanakili kwa Kiswahili: "Mwombaji hakurudi tena ofisini." Mkaguzi alisifu unadhifu wangu.

Laiti ningalimkatalia kwa imani! Ningalikuwa na la kujitetea uani. Sikumfikiria Mungu, wala mtoto, wala yeye. Nilifikiria mstari wa fomu. Mtoto aliyezaliwa, msichana, sasa yuko shule ya msingi. Hunisalimu kwa mikono miwili na kuniita babu. Mimi hufurahi moyoni, kisha hujiuliza ninafurahia nini. Siwezi kutaka asiwepo. Siwezi pia kusema mama yake alitendewa haki. Ikiwa mambo haya mawili hayapatani ndani ya kifua changu peke yangu, sijui watu wa uani watayapatanisha vipi. Ila nawakasirikia kwa jambo moja: wanabishana kana kwamba hakuna mtu anayesubiri kwenye benchi.

Jumatatu nilichukua daftari nikaenda kwa mama huyo, anayeuza unga wa muhogo mbele ya nyumba yake. Nilimweleza jinsi mwalimu alivyonishukuru, nikamsomea ile sentensi.

"Muzee, uliandika sikurudi?"

"Niliandika."

"Nilirudi mara tatu! Ile benchi yenu ilikuwa na musumari. Ilipasua gauni yangu."

"Najua."

"Ulijua musumari?"

"Msumari sikuujua. Mara tatu nilizijua."

Katika kazi yetu kosa halikwanguliwi kwa wembe. Linapigwa mstari mmoja, maneno yabaki yakisomeka, na pembeni inaandikwa idadi ya maneno yaliyofutwa, pamoja na saini. Nilifanya hivyo mbele yake: maneno manne, batili. Chini yake nikaandika: "Alirudi mara tatu. Mkuu wa ofisi alimrudisha."

"Sasa hiyo inanisaidia nini?" aliuliza.

Nilimwambia tu kwamba nataka kuwasomea watu wa shirika ukurasa huo. Alipima unga wa mteja, akafunga mfuko, ndipo akanijibu.

"Somea ule mwalimu, aache kukushukuru juu yangu. Lakini jina ya mutoto isiingie mu makaratasi yako."

Niliahidi. Nilipokuwa nafunga daftari, alinizuia kwa mkono wenye unga.

"Andika na ile musumari ya benchi."

Nikaandika.