Hodi Tatu za Mzee Ngowa

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na moja. La, nimekosea, mwaka huo watu walikuwa bado wamefunika midomo. Ilikuwa ishirini na mbili, maana picha za wagombea zilikuwa zimebandikwa kila ukuta wa mtaa wa Bombolulu. Hata banda la mbuzi wa Mwanatabu lilikuwa na wagombea wawili, na mmoja mbuzi walikuwa wameshamla. Basi ndio mwaka ambao Katana wa Ngowa aliacha kuitikia hodi.

Katana alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mtu wa kujaza fomu za makontena. Ugonjwa ule ulipoingia, tajiri wake alifunga ofisi ya kisiwani, akawapa makarani kila mmoja kompyuta akafanyie kazi kwake. Ugonjwa ukapita, ofisi isirudi. Katana akabaki na meza ya kulia chakula kuwa ndiyo ofisi, katika vyumba viwili vya kupanga alivyokaa na mkewe, Dama, ambaye kutwa hushinda dukani akiuza vitambaa.

Sasa, mwanamume mzima kuonekana nyumbani saa tatu asubuhi amejifunga kikoi, kwa watu wa uani ni mtu asiye na kazi, na asiye na kazi ndiye wa kutumwa. Huyu alimwomba amtazamie maharagwe jikoni, yule amwanulie nguo mvua ikija, mwingine ampokelee mtungi wa gesi. Wote waliomba kwa adabu, na Katana kukataa hakujui. Mpaka siku moja akiwa mkutanoni kwenye kompyuta, Mwanatabu, jirani wa mlango wa pili, aliingia kuomba kibiriti. Akaona nyuso za watu kiooni. Mwanatabu ni mwanamke aliyelelewa. Angewezaje kupita asisalimu? Akawaamkia mmoja mmoja, akawauliza hali za nyumbani, akamwuliza tajiri kama watoto wamelala salama. Mkutano ulipokwisha, Maryanne, msimamizi wa Katana, alimwandikia kwamba kampuni haitaki kuona jambo lile tena. Katana aliona haya hadi masikio yakapata moto.

Ndipo akatunga dawa yake. Kwetu hodi ni tatu. Ukizipiga zote pasiwe wa kuitika, unageuka unakwenda zako bila kinyongo. Mwenyewe hayupo, au yupo na ana lake. Basi Katana akawa anatia komeo, na hodi ikipigwa anainua vidole kutoka kwenye kompyuta, anazuia pumzi na kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Kisha husikia ndara zikiondoka. Baada ya majuma mawili hakuna aliyemtuma tena.

Lakini kumbe zile hodi ndizo zilizokuwa zikimwambia kwamba kumekucha, kwamba mchana umefika, kwamba watu wanaanua nguo na jioni inaingia. Zilipokoma, kazi ikakosa mpaka. Akawa anakula mkono mmoja kwenye sahani, mmoja kwenye kompyuta. Dama akimsemesha anajibu naam, na alilojibu halijui. Siku moja mkewe alisimama mlangoni akamtazama kitambo, akasema, "Zamani ulikuwa ukienda kazini, na jioni ukirudi. Sasa huendi, basi na kurudi hurudi."

Katana alicheka, akidhani ni mzaha.

Babake, Mzee Ngowa, alikaa kijijini Kaloleni, mbali na mji, na kila juma Katana alimwahidi kwa simu kwamba Jumamosi atakuja. Kila Jumamosi likazuka kontena. Mzee alijibu neno moja tu, kwamba si neno.

Ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa sita, yapata saa nne asubuhi. Hakukuwa na mkutano. Katana alikuwa akipanga karatasi ambazo zingengoja Jumatatu bila kuoza. Hodi ikapigwa, sauti nzito ya taratibu, na nyuma yake kuku akilia kwa kufungwa miguu. Katana akajiambia ni mchuuzi wa kuku. Hodi ya pili ikakawia, kama ya mtu anayempa mwenziwe nafasi ya kuvaa shati. Mchuuzi hangoji hivyo, na Katana alilijua hilo. Ya tatu ikakawia zaidi. Safari hii hata vidole hakuviinua. Aliendelea kubofya, akisema moyoni kwamba mwenye shida atapiga simu. Kisha akasikia fimbo ikigonga saruji, polepole, ikielekea uani.

Jioni Dama aliingia na kuku mkononi, akamweka sakafuni. Nyuma yake alikuwa Mwanatabu.

"Shemeji," Mwanatabu alisema, "babako alikuwa hapa."

Katana alisimama. Mwanatabu akamweleza kwamba mzee alikaa barazani kwake karibu nusu saa, akanywa maji, akiutazama mlango wa mwanawe. Yeye alimwambia mzee kwamba Katana yumo ndani, agonge kwa nguvu, siku hizi ni mzito wa kuitika.

"Akasema nini?"

Mwanatabu alishika ncha ya leso yake. "Alisema, 'Najua yumo, nimemsikia akibofya. Lakini hodi zangu zimekwisha, mwanangu.' Akanipa huyu kuku niwape, akaenda. Wallahi, shemeji, nilitamani ningekuwa ndani nimwitikie."

Katana angesema hakusikia, lakini kuku alikuwa pale miguuni pake, akimkodolea jicho moja. Usiku kucha sauti moja ilimrudia, si ya hodi, bali ya vidole vyake mwenyewe, tap, tap, tap, jinsi ilivyosikiwa na mzee aliyesimama juani.

Kesho yake alifika Kaloleni kabla ya adhuhuri. Alisimama mbele ya nyumba ya babake, akasema hodi, na kabla neno halijatimia kinywani mzee akaitika, "Karibu, baba, karibu ndani." Katana angependa afungiwe. Angependa apige tatu arudi. Badala yake akavutiwa kigoda, akaletewa maji ya kunawa na sima kwa mchicha.

"Baba, jana..." alianza.

"Jana ulikuwa kazini," mzee alisema, na Katana hakuweza kujua kama ni lawama au ni kumfunikia aibu yake.

Simu ikatetemeka mfukoni. Mzee akatazama mfuko. "Hodi hiyo. Itika, usimchoshe mtu."

Katana aliizima. Akauliza mzee alikuja jana na neno gani. Mzee akamwambia ale kwanza. Baada ya kula walikuja wageni, kisha jua likashuka, na mzee akasema siku nyingine.

Toka hapo Katana alibadilika. Kila asubuhi huvaa viatu, hutoka mlangoni, huzunguka mpaka kwa muuza mahamri, kisha hurudi akapiga hodi kwake mwenyewe, akaingia kazini. Saa kumi na moja huifunika kompyuta kwa kanga ya Dama, akatoka tena, akazunguka, akarudi nyumbani. Uani wanamcheka. "Shemeji, kazini kwema?" Mwanatabu humwuliza, na yeye hujibu kwema. Maryanne alinung'unika mwezi mmoja, akazoea. Mlango sasa hautiwi komeo, na hodi ya kwanza haimpiti. Jumamosi zote alikwenda Kaloleni. Mara mbili aliuliza tena lile swali, na mara zote mbili mzee alitabasamu akaongea habari za minazi yake.

Mzee Ngowa alikufa wakati wa mvua za mwaka uliofuata. Katika matanga Katana alimwuliza mamake lile swali, akawauliza ndugu zake, akawauliza wazee aliokaa nao babake jioni. Aliporudi Bombolulu akamwuliza hata Mwanatabu, labda mzee alidokeza barazani, na hakuna aliyejua. Mpaka leo, akiifunika kompyuta kwa kanga, husimama kidogo akiutazama mlango. Mtu wa miaka sabini na ushei, na fimbo yake, na kuku, kutoka Kaloleni mpaka Bombolulu: alikuwa amekuja kumwambia nini?