Mzigo wa Mwisho wa Babu

Enzi zetu, tulipokuwa wadogo (acheni kucheka, hata msichana wa darasa la kumi ana enzi zake), mtoto akipelekwa matembezi hakununuliwa peremende wala kupandishwa lori. Alibebwa. Nyie tuliolingana mnakumbuka: unasuguliwa mpaka masikio yanawaka, unapakwa mafuta ya karanga unang'aa kama sufuria ya harusi, unafungiwa matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, kwenye kitambaa, halafu unaambiwa ole wako uchafuke.

Jumapili moja baada ya misa, Babu alitangaza pale nyumbani Chemchem kwamba anampeleka mdogo wangu Mihambo kuona kambi. Mihambo hakuwa ametimiza miaka mitatu, na kitu pekee alichopenda kuona duniani ni kuku. Lakini Babu katika ujana wake alikuwa mpagazi wa misafara, na kambi hiyo, kwenye njia ya zamani ya Ujiji, ndipo alipotua pembe yake ya kwanza ya ndovu. Alitaka mjukuu wake wa kiume aione kabla yeye hajafa. Dresa wa hospitali alikwisha kumwambia moyo wake umechoka, asibebe hata ndoo ya maji.

"Kwani Mihambo ni ndoo?" akasema, akampandisha begani.

Bibi alitangulia na chungu kichwani, mimi nikafuata na unga wa uji. Nilikuwa na miaka minane. Mjukuu ni mtani, Babu akiniita mke mdogo, kwa hiyo nilikuwa na ruhusa ya kumchokoza nitakavyo, na sikuwahi kuacha ruhusa ikae bure.

"Mume wangu, mbona unahema kama mvukuto wa mhunzi?"

"Nyamaza, mke mdogo. Mwenzako mkubwa anajua nguvu zangu."

"Nilizozijua zimekwisha," akasema Bibi bila kugeuka.

Tulipofika, kambi haikuwepo. Palikuwa na uzio wa waya na mabanda ya mabati, na kile kisima alichotusimulia kimefukiwa. Mlinzi akatuambia si ruhusa kusimama hapo. Babu alitazama waya kwa muda, kisha akaendelea kutembea, Mihambo begani, kama mtu aliyekumbuka kwamba kambi iko mbele kidogo. Haikuwa mbele kidogo. Jua lilikuwa utosini. Mihambo akakojoa, na mkojo ukateremka shingoni mwa Babu mpaka kiunoni.

"Mtue mtoto, Baba Petro," Bibi akamwambia Babu. " Pembe za ndovu hazikukukojolea."

"Mzigo siutui njiani mimi. Wenzangu watasema nini?"

"Wenzako wote wamekufa!"

"Ndiyo maana. Sasa hawana kazi nyingine, wananitazama mimi tu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipoinua macho, midomo ya Babu ilikuwa na rangi ya majivu, lakini mkono ulioshika mguu wa Mihambo haukulegea. Kicheko kikanikauka.

Bibi hakubishana tena. Alikimbia mbele, na sikuwahi kumwona Bibi akikimbia. Akaokota mawe matatu, akayapanga kando ya njia, akabandika chungu kitupu, moto hakuna, kisha akapaza sauti kama wanawake wa misafara ya zamani: "Kambi! Kambi hapa! Wapagazi, tueni!"

Babu akamfuata. Akapiga goti mbele ya chungu, akamteremsha Mihambo polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Mihambo akakimbilia panzi.

Uji haukupikwa. Muuza asali mmoja alimrudisha Babu kwenye karia ya baiskeli yake, amefungwa kwa kanga ya Bibi asianguke, yeye sasa ndiye mzigo. Nilitafuta neno la utani nikakosa. Mvua za kwanza hazikumkuta.

Mihambo yuko darasa la nne siku hizi na hakumbuki chochote. Nilipomsimulia alisema, "Si mngepanda baiskeli tangu asubuhi?" Hawa wadogo zetu wanalijua lori kwa mlio wake kabla halijakata kona, lakini ukiwatuma chumvi wanauliza kama ni mbali.

Bibi naye miguu imemgoma. Likizo hii kila Jumapili nambeba mgongoni kwenda kanisani, naye ni mwepesi kuliko sanduku langu la shule. Juzi katikati ya njia nilichoka vibaya. "Mtue basi, nani anakuona?" akasema Mihambo, macho kwenye lori lililokuwa linapita.

Nikasimama nikatazama barabara, mbele na nyuma. Mawe yalikuwepo tele. Wa kututangazia kambi alikuwa mgongoni mwangu, amelala.