Falme Mbili za Vakansi

Sisi tuliokulia Baraka, kando ya ziwa, kabla simu hazijafika, majoka tulikuwa nayo. Hayakuhitaji mega za intaneti wala rezo ya simu. Yalihitaji mtoto mmoja mwenye sauti kubwa, wengine wenye kuamini upesi, na kiangazi kizima kisicho na shule.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya binti yangu Faila. Juma lililopita alinijia na simu mkononi, uso umemkunjamana kama mtu anayechaguliwa mchumba. Kuna michezo miwili ambayo vijana wa hapa wanaizungumza siku hizi, yote ya falme za kubuni. Mchezaji anajichagulia mtu wa kuwa, shujaa au mganga, kisha anaingia humo pamoja na wengine walio mbali, kila mmoja na simu yake. Simu ya Faila ina nafasi ya mchezo mmoja tu.

"Papa, we unajua kupima mambo," aliniambia. "Mi nichague gani? Ya kwanza iko na joka. Ya pili unajenga mji yako, batu banakuya kuishi mule."

Nilimuuliza yaliyo ya maana. Upi ni mzito kwenye simu? Upi unakula mega? Upi unaendelea rezo ikilegea, kama inavyolegea kwetu kila mawingu yanapotua juu ya rasi ya Ubwari? Akajibu yote bila kusita. Hesabu ilikuwa rahisi: wa joka ulikuwa mwepesi, wa mji ulikuwa mlafi. Nikamwambia achukue wa joka.

"Mmh, Papa," akaguna, akaenda zake bila kuchagua. Vijana wa leo wanaomba ushauri kama watu wanaoonja mawese sokoni: kidole kinaingia, kinalambwa, na mtu anapita.

Lakini swali lake halikuniacha. Na mimi niliwahi kuchagua kati ya falme mbili, nikiwa mdogo kuliko yeye.

Wenzangu wa umri wangu mtakumbuka kwamba vakansi kubwa, likizo ya kiangazi, ilikuwa na harufu yake. Muhogo uliolowekwa ulianikwa kwenye mikeka, ndakala, dagaa wa ziwani, zilikauka mchangani, mawese yalichemka nyuma ya nyumba katika kila parseli. Asubuhi tulitumwa maji na kuni, tukafukuza kuku waliopenda muhogo kuliko sisi. Kazi zikiisha, mama yangu alitufungulia njia kwa maneno yaleyale: "Muende, lakini tumbo ikilia, isilie ku parseli ya batu."

Ufalme wa kwanza ulikuwa wa Ziwa. Makao yake yalikuwa ufukweni, kwenye mitumbwi mibovu iliyopinduliwa, na aliyeshika hadithi alikuwa Asukulu, rafiki yangu wa parseli ya jirani. Asukulu alisimama juu ya mtumbwi na kutangaza: "Mbele yenu iko mamba. Kichwa yake iko hapa, mukia yake iko Ubwari. Munafanya nini?" Kila mmoja alisema anachofanya. Kisha Asukulu alirusha kombe, ganda la ziwani. Ikianguka mdomo juu, umefaulu. Ikianguka mdomo chini, mamba amekuchukua mguu, na ulipaswa kuruka kwa mguu mmoja mpaka mganga wa kikosi akuponye. Nimewaona watoto wakichechemea hivyo hadi nyumbani, kwa heshima ya mchezo.

Ufalme wa pili ulikuwa wa Mlima, nyuma ya mashamba ya muhogo, kwa binti mmoja aliyeitwa Mwamini. Baba yake alifyatua matofali, kwa hiyo udongo haukuwahi kukosekana. Walikuwa na mji mzima wa udongo, na ng'ombe wa pembe ndefu kama wale tuliowaona wakishushwa kutoka milima ya Minembwe kuja sokoni. Mwamini hakurusha chochote. Kwake ulifaulu kwa maneno. Ukisema unapita chini ya jabali linalotembea, ulieleza unapitaje, na wengine wakakuhoji. Wakiridhika, umepita. Wasiporidhika, jabali limekukalia, nawe unalala chini kimya hadi mtu apate hoja ya kukutoa.

Bahati huku, hoja kule. Mpaka leo sijaona michezo miwili iliyotofautiana kwa usafi namna hiyo.

Sasa ilikuwapo sheria, na hatukuitunga sisi. Babu zetu walikuwa na lubunga, kile kibanda cha wanaume ambamo Wabembe walikula pamoja na kukata mashauri, na kila mke alipeleka chakula huko. Sisi nasi kila ufalme ulijenga lubunga yake ya matete na majani ya migomba, na kila mtoto alileta alichoweza kukitoa jikoni. Mkila pamoja, mmekuwa watu wa mahali hapo. Aliyekula katika lubunga moja hakuweza kucheza upande wa pili hadi shule ifunguliwe. Hakuna aliyeivunja sheria hiyo. Tungeweza kuvunja chungu cha mama, lakini si hiyo.

Mwaka ninaousimulia, uchaguzi haukuwa mchezo. Baba yake Asukulu alikuwa amepata kazi Kalemie, na vakansi ikiisha wangepanda boti, familia nzima na masufuria yao. Ilikuwa vakansi yetu ya mwisho. Asukulu alikuwa ameniwekea mtu katika ufalme wake: mpiga kasia wa mbele, yule anayeona mamba kabla ya wengine. Wawili walikuwa wamemwomba nafasi hiyo, akawanyima.

"Kesho unakula kwetu," aliniambia. "Usichelewe."

Nilikuwa nimeshaamua. Lakini tabia ya kupima ninayo tangu zamani, na niliona si vema kuukataa ufalme wa Mlima kabla sijauona. Asubuhi hiyo nikapita kwa Mwamini, kutazama tu.

Siku hiyo jabali lilikuwa limewakalia watu nusu ya kikosi. Walilala mavumbini kama samaki wa kuanikwa, na waliobaki walibishana hadi mishipa ya shingo ikasimama. Mmoja akasema walivute jabali kwa ng'ombe. Mwamini akauliza kamba itatoka wapi. Mwingine akasema maganda ya migomba. Mwamini akauliza nani aliwahi kuona ganda la mgomba likivuta jabali. Sikuvumilia. Nikapaza sauti kutoka pembeni: jabali linalotembea lina njaa, kwa nini msilichimbie shimo na kuweka muhogo ndani yake, lije lenyewe?

Kisha Mwamini akasema polepole, "Iko sawa," na waliolala wakaruka juu wote mara moja, vumbi likapanda, wakanibeba begani kwa vigelegele hadi ndani ya lubunga yao! Mtu akanitia mkononi kipande cha muhogo wa kuchoma chenye ndakala mbili juu yake, zinang'aa mawese. Nilikuwa napiga kelele kama wao. Nikauma.

"Amekula!" akalia msichana mmoja.

"Nilionja tu," nikasema, mdomo umejaa.

"Kuonja si kula?" Mwamini akauliza. "Hiyo mufupa ya ndakala inaonja nini ku meno yako?"

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilisimama na muhogo mkononi, na ulikuwa mtamu, hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Asukulu habari ilimfikia kabla yangu. Nilimkuta amekaa juu ya mtumbwi, amenipa mgongo.

"Asukulu."

"Mutu ya Mulima anatafuta nini ku maji?"

"Ilikuwa ajali."

"Mutu anaanguka ku shimo, ile ni ajali. Mutu anaanguka ku ndakala?"

Wenzake wakaipokea hiyo wakaifanya wimbo. Baraka ni mji wa wavuvi, wimbo unafika kila kona kabla ya jua kusimama. Hata mama yangu aliusikia. Hakunikemea. Alinitazama akasema, "Mwanangu, kinywa iko mulango. Usifungue bila kuuliza nani anaingia," kisha akaniongezea sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Siku zilizofuata nilicheza Mlimani, na nilicheza vizuri. Ila kelele za ufukweni zilinifikia juu ya mashamba, na kila zilipopanda nilijua Asukulu amemtoa mamba mpya majini, na mahali pa mbele kwenye mtumbwi amekaa mwingine. Vakansi ilikuwa inaisha. Boti haikuwa na habari na sheria zetu.

Basi nikamwendea babu, na nikauliza kwa tahadhari, kana kwamba ni swali la shule: mtu wa lubunga moja anawezaje kuingia katika nyingine? Babu alicheka puani. Akasema mtu peke yake hawezi. Lakini lubunga nzima inaweza kubeba chakula chake na kuipelekea lubunga nyingine. Wenyeji wakila, hao wote wamekuwa majirani, na jirani haulizwi anakwenda wapi.

Ajabu ya ufalme wa Mwamini ni kwamba ungeweza kupendekeza lolote, mradi ulitetee. Nikalitetea hilo asubuhi nzima. Nikasema mito yote ya mlimani inaishia ziwani, kwa hiyo kuna jambo huko chini ambalo mlima unalitaka. Walinihoji bila huruma. Mamba je? Tutaingiaje majini na ng'ombe wa udongo? Wakilowa? Nikajibu moja baada ya jingine mpaka Mwamini akafuta mikono yake kwenye kitenge.

"Tunashuka," akasema.

Mngetuona! Kikosi kizima kikiteremka katikati ya muhogo, wengine wamebeba ng'ombe vichwani, Mwamini mbele na sufuria ya bukari, ule ugali wa muhogo, na sombe, iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Bamama waliokuwa wakitwanga waliacha michi hewani. Mzee mmoja mwenye baiskeli alituuliza ni harusi ya nani. Tulipofika mchangani, Ufalme wa Ziwa wote ulipanda juu ya mitumbwi na makasia mikononi.

"Mulima inataka nini?" Asukulu akaita.

"Inataka mule," nikasema.

Akaiangalia sufuria. Wote waliiangalia, ilikuwa saa ya njaa, na sombe ya mama yake Mwamini ilikuwa na karanga. Lakini Asukulu hakuwa mtoto wa kushindwa na harufu. "Kombe itaamua," akasema. "Ikifungua mudomo, tunakula. Ikifunga, munarudi na bukari yenu."

"Sisi hatuchezi na bahati," Mwamini akamjibu. "Sema sababu ya kukataa. Ukikosa sababu, kula."

"Hapa ni kwetu. Kwetu ni kombe."

Nikamshika Mwamini mkono kumsihi, akanyamaza. Asukulu akairusha juu sana, juu kuliko siku zote. Ilizunguka, ikameta, ikaanguka kwenye mchanga wenye maji. Tukakimbia wote, falme mbili kwa pamoja, na wimbi likatangulia. Liliifunika kombe, likarudi nayo. Hakuna aliyeona mdomo wake.

"Ilikuwa juu!" wakapiga kelele watu wa Mlima.

"Chini! Chini!" wakapiga kelele watu wa Ziwa.

Asukulu alikuwa ndani ya maji hadi magotini, anapapasa. Akanyanyuka mikono mitupu. Alinitazama mimi, si Mwamini, na nikaona mdomo wake unaanza kumcheza kwa kicheko.

"Wimbi imekula kombe yangu," akasema. "Kila mutu anakula. Mi peke yangu ndiye mujinga?"

Akatoka majini, akachota bukari kwa mkono uliojaa mchanga.

Siku chache zilizobaki zilikuwa ufalme mmoja, na sidhani Baraka imewahi kuona mchezo mkubwa kama ule. Mamba walipanda milima, majabali yaliogelea, ng'ombe wa udongo waliyeyuka ziwani na tukawaimbia. Mara tulitumia kombe, mara hoja. Nami nilikaa mbele ya mtumbwi.

Siku ya boti tulikwenda wote. Asukulu alisimama kati ya magodoro na masufuria, na boti ilipoanza kung'oka aliweka mikono mdomoni.

"Mutu wangu asikufe!" akapaza sauti. "Mumuache ku pango! Mi nitakuya kumutoa!"

Tulimwacha huyo mtu wake wa mchezo katika pango letu la kubuni. Mchezo ulipopita karibu na hapo, yeyote aliyeshika hadithi alisema, "Asukulu amelala humu," nasi tukapita kwa kunyata. Hakuja. Vakansi iliyofuata hakuja, baadaye nchi ikawa na mambo mengine, na sisi tukawa watu wazima bila kuambiwa.

Kwa hiyo mtanisamehe nikiwacheka kidogo vijana wa sasa. Wanapigana na majoka wakiwa wamelala chali, hata jasho halitoki. Wanaingia katika ufalme kwa kidole na kuuacha kwa kidole hichohicho, na hakuna anayewauliza wamekula wapi. Ushindi wao hauna harufu ya samaki. Ningeishia hapo, na wengi wa rika langu mngepiga makofi.

Lakini jana jioni nilimsikia Faila uani, amepanda juu ya rundo la matofali ambako rezo hushika, anacheka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mwaka jana. Alikuwa amechagua ule mchezo wa mji, mzito, mlafi wa mega, kinyume cha kila nilichomwambia.

"Neema, we! Kuya upande huu, niko ku daraja!" alikuwa anaiambia simu. "Apana, ile daraja ingine! Ngoja, mi nakuya!"

Neema ni rafiki yake. Yeye na wazazi wake walihamia Kalemie mwaka jana, kwa boti.

"Neema iko mule ndani?" nikamuuliza.

"Ndiyo, Papa. Alinijengea nyumba mbele sijafika." Hakuinua macho. "Sasa mega inaisha, na hajanionyesha mulango."

Nikavaa viatu, nikaenda kutafuta mega kabla duka halijafungwa.